Siku ya Thelathini na Tatu

Umeme ulipokatika Kadutu saa nane usiku
nilihesabu dakika ishirini kabla jenereta haijakohoa.
Frigo: nyuzi nne. Tano.
Nikauegemea mlango kwa mgongo
kana kwamba joto ni mwizi.

Ndani, mfuko wa Zihalirwa, mwendesha pikipiki,
kundi O, siku ya thelathini na tatu.
Alipoutoa alikuwa anacheka,
akaomba soda ya pili.

Watu hudhani damu ya mfukoni imelala.
Hailali. Inakula sukari tuliyoifungia kama masurufu,
inachachuka polepole, chumvi yake inavuja.
Chembe iliyokuwa ikijikunja
kupenya tundu jembamba kuliko yenyewe
inaota miiba, inakakamaa,
inaing'ang'ania hewa iliyoibeba
kama mchukuzi aliyepanda mlima wote na kiroba,
akafika mlangoni,
akakataa kutua.

Lebo haijui hayo. Mwandiko wangu unasema: bado siku mbili.

Saa kumi wakamleta Nsimire,
amejifungulia njiani, kitenge kizito, midomo ya majivu.
Nikaupindua mfuko mara tatu mbele ya taa.
Hakuna povu. Hakuna zambarau.
Nikasaini.

Robo ya chembe zile itakufa kabla ya kesho, najua.
Zilizobaki, zikipata joto la mtu,
hujifunza upya kuachilia.
Si mara moja.

Tone. Tone.

Kulipopambazuka pikipiki zilianza kupanda kuelekea sokoni.
Moja ilipiga honi.
Sikuchungulia.