Msusi wa Chambo

Anayesema mchagua jembe si mkulima
hajawahi kumdanganya chewa.
Chewa halimi. Analala chini ya jiwe,
anatazama kila kinachopita
kama mteja mwenye hela: hiki sicho. Hiki sicho.

Kondo alianza kuja saluni kwetu, Tandika,
mwezi wa mvua za vuli. Alisimama mlangoni
aibu imemshika, wanawake wanne wanamkodolea:
"Dada Mwanahija, mabaki ya rasta mnatupa wapi?"
Tulicheka mpaka kitana kikaanguka.

Nikampa mfuko mzima. Akaumwaga kwenye benchi,
akachambua kama anayepeta mchele.
Nyeupe, ya maji maangavu, asubuhi, jua likiwa chini.
Samawati, ya mchana.
Damu ya mzee (hiyo aliinusa, sijui kwa nini)
ya siku Mzinga unaposhusha tope,
samaki haoni rangi, anaona kivuli.

Kichwa alikitengeneza kwa risasi za kubalansi matairi,
aliziokota gereji za Keko, akaziyeyusha
ndani ya kopo la nyanya. Jicho, ushanga.
"Ndoano itazame juu," akasema,
"mawe ya Mjimwema yanakula chambo kuliko samaki."
Kisha akafunga. Lo! Alifunga
kama anafunga gunia la mkaa.

Nikamnyang'anya.
Hii, nikamwambia, ndiyo kazi ninayolipwa:
unaanza shinani, unabana bila kung'oa,
mzunguko ubavuni mwa mzunguko, isipandane,
nyembamba mbele, ndefu nyuma,
mkia uuache upumue.
Naye akanifundisha kulilowesha fundo kwa mate
kabla ya kulikaza, maana mshipi mkavu
hujiunguza wenyewe kwa msuguano,
halafu hukatika siku usiyotaka.
Niliwaza mengi kuhusu hilo. Si ya humu.

Tulifunga vyambo saba.
Mawe yalichukua vitatu,
mzia akakata kimoja kama mkasi,
vitatu vikarudi vizima, vimesuka maji bure.
"Rasta ni plastiki," akasema Kondo,
"inakwenda majini kama askari wa gwaride.
Haijui kuogopa. Samaki anakula kinachoogopa."

Nywele za kweli, basi.
Lakini nywele za mtu hazichezewi mji huu.
Mama Havijawa akikatwa ncha hufagia mwenyewe,
huzifundika kwenye pindo la khanga, huondoka nazo.
Bi Shamimu hudai hata zilizobaki kwenye meno ya kitana.
Nitamwibia nani?

Usiku, saluni imefungwa,
nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkasi mkononi,
nikakata shungi moja kisogoni, pasipoonekana.
Nyeusi shinani, maji ya kunde ncha,
pale jua na dawa vilipoichoma.
Chambo chenyewe kilikuwa kibaya:
kifupi, kimevurugika, panya aliyenyeshewa.
Kondo alikitazama, akasema ahsante
kama mtu aliyekaribishwa chai isiyo na sukari.

Jumapili akaingia na ndoo ya rangi.
Ndani, chewa amejikunja, madoa mwili mzima,
mkia umezidi ukingo wa ndoo.
Chambo kilikuwa bado mdomoni, pembeni,
pale penye nyama ngumu.
Nusu ya nywele haikuwepo.

Mashine ya kukaushia ikazimwa.
Mama Havijawa akashika kifua:
"Mwanahija! Nywele zako ziko baharini?
Wee! Wabaya wakizipata?"

Nilikuwa nachomoa ndoano kwa koleo la kucha.
Nikamwambia, anayetaka kuniloga
aanze kwa kujifunza kuogelea,
na akifika kwenye jiwe lile
achague rangi vizuri.