Saba, Bi

Kwanza anasema mwanamke ambaye hajawahi kufika Mbeya:
simu hii inarekodiwa ili kuboresha huduma zetu.
Sauti yake tuliinunua pamoja na mtambo.
Ndipo Bupe, meza namba nne, anasema karibu.

Huko stoo, juu ya ndoo za rangi zilizobaki,
kuna kasha jeusi lenye taa ya kijani.
Neno likipita kwenda sikioni
linakatwa vipande vyembamba kama mboga ya maboga,
na kila kipande kinaacha pacha wake ndani ya kasha.
Mteja upande wa kushoto, sisi upande wa kulia.
Mteja akifika kwenye namba ya siri ya malipo
Bupe hubonyeza, na kasha huziba masikio;
akimaliza, hubonyeza tena. Hiyo ndiyo adabu yake pekee.
Mengine yote linameza: kikohozi, jogoo,
lori likipandisha Uyole kwa gia ya kwanza.
Siku tisini. Kisha linajifuta lenyewe,
halimuulizi mtu.

Kazi yangu mimi ni kusikiliza yaliyokwisha.

Mwezi wa tatu gari letu lilishusha Isyonje
mifuko sabini ya mbolea
uani kwa Andongwisye Mwasomola,
mwenye ekari moja na robo ya viazi.
Akasema: niliagiza saba.
Meneja akasema: mtambo haunywi pombe, fungueni.

Tukafungua. Jina la faili refu kama treni:
tarehe, saa, meza, namba ya mpigaji, dakika nne.
Kushoto mvua juu ya bati,
mvua ya kwetu ile, isiyobisha hodi,
na chini yake mtu: "Sa… bi. Ni ya viazi."
Kulia Bupe, safi kabisa: "Sabini, sawa?"
Kushoto: "Eeh."
"Mmesikia," akasema meneja. "Na ameitikia."

Nilirudia mara kumi na nne.
Mara ya tisa nikaona kwenye mchoro wa sauti,
kati ya vilima vya kijani, bonde moja jembamba:
hapo mtandao ulikula silabi.
Saba, Bi. Ni ya viazi.
Alikuwa anampa Bupe heshima yake,
heshima ikageuka tarakimu.
Na ile "eeh"? Nyuma yake, mbali, mtoto
anauliza kama afunge ndama.

Lakini bonde si ushahidi.
Ndama si ushahidi.

Bupe alikuwa ameshasema asante,
akaweka spika zake mezani, chai imefika.
Hakukata. Mzee naye hakukata.
Sekunde arobaini na moja
ambazo ripoti ya mtambo imeziandika: kimya.
Si kimya. Kulia kijiko kinazunguka kikombeni.
Kushoto mwanamke anauliza kwa Kinyakyusa
na Andongwisye anamjibu kwa lugha hiyo hiyo,
ile tunayoambiwa tuiache getini na miavuli:
saba, mama. Hela ya wa nane hatuna.

Meneja, kwao Tanga, akanitazama mdomoni.
"Anasemaje?"
Nikamwambia. Akaniambia nirudie.
Nikarudia, nikijua kwamba mtambo mzima,
waya zake, kasha lake, mkataba wake wa milioni,
umesimama sasa juu ya ulimi wangu.

Mifuko sitini na mitatu ilirudi Jumamosi, ukungu mtupu,
miwili imelowa. Hiyo miwili Bupe alikatwa.

Mwezi wa sita faili likajifuta.
Siku hizi Bupe huuliza:
"Saba kama siku za juma,
au sabini kama umri wa babu?"
Wateja hucheka. Kicheko nacho kinaingia kushoto.

Na kuna agizo jipya, limebandikwa kila meza:
ukisema asante, kata.
Wanakata. Faili zote sasa zinaishia kwenye asante,
na mimi, jioni, nikivuta ule mstari hadi mwisho,
sikuti kijiko, sikuti ndama.