Dakika ya Arobaini na Moja

Mtaka cha mvunguni huinama, wanasema.
Wewe ulitaka cha hewani, Anaeli,
ukapanda juu ya bati, hapa hapa Pasua,
na antena uliyoifunga kwenye mwanzi kwa mpira wa tairi,
mimi mlangoni, unga mikononi, napiga kelele:
kushoto! umepitiliza! rudi!
hapo hapo, usipumue.

Ukashuka na kutu magotini
ukatangaza kama mtu aliyepata kiwanja:
Hatununui kifurushi. Hatumlipi mtu hata senti.
Chaneli sita, na ya saba yenye chengachenga.

Kisanduku ulikitoa kwa fundi Ngowi,
kimeshatumika, rimoti imebanwa kwa selotepu.
Kinarekodi, alisema. Chomeka flashi, panga saa,
kitafanya kazi hata ukilala.
Nikadhani ni maneno ya muuzaji.

Ila mimi ndiye ninayeondoka saa kumi na mbili jioni,
sare imekunjwa kwenye mkoba.
Tamthilia huanza saa tatu na nusu,
saa ambayo nimeshanawa mikono hadi ngozi inakakamaa
nikisubiri kichwa cha mtoto wa mtu.

Basi unaniwekea.
Kama wengine wanavyofunika chakula kwa sahani
wewe unanifunikia sehemu ya themanini na mbili.
Nikirudi asubuhi umeshakwenda kinuni,
chini ya rimoti kuna karatasi, mwandiko wa mtu wa stoo:
*Dakika ya 12, angalia macho ya shangazi.
Tangazo la sabuni, ruka.
Chai iko kwenye chupa.*
Nami natumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto
naanza usiku wako.

Lakini umeme nao una zamu zake.
Alhamisi ile picha iliganda dakika ya arobaini na moja:
binti ameshika kitasa cha mlango,
bahasha mkononi, mdomo wazi,
halafu weusi,
halafu orodha ya mafaili.

Nikakupigia. Subiri, ukasema, nitoke nje, mashine zinapiga kelele.
Alifungua?
Alifungua.
Nani alikuwa ndani?
Ukanyamaza kidogo. Nikasikia gunia likitupwa.
Mama yake, ukasema. Kumbe alikuwa hai muda wote.
Ameketi anamenya ndizi, wala hakushtuka.
Akamwambia: chukua kisu, nisaidie.

Nilikaa mpaka maji ya beseni yakapoa.
Sikuwaza, wakati ule,
kwamba umeme ukikatika
hukatika kwa wote wawili, kisanduku na wewe.

Jumamosi wakarudia, kwenye runinga ya chumba cha wauguzi.
Mlango ukafunguliwa. Chumba kitupu,
kitanda bila godoro, feni inazunguka.
Wenzangu wakashika vifua, wakaguna.
Mimi nikasema, kwa sauti, uongo huo,
na Sista Ndeshi akaniuliza nimeamkaje.

Sijakuambia.
Flashi imejaa, kisanduku kinauliza: Futa?
Nimefuta mechi mbili, nimefuta ibada ya Pasaka,
Mungu anisamehe, nimefuta hata ile ya kilimo cha vanila
uliyosema tutaiangalia pamoja.
Ile iliyokatika haiguswi.
Nikiifungua naisogeza hadi mwisho, kwenye kitasa,
na huko nyuma ya mlango nasikia kisu
kikipita kwenye ganda la ndizi.

Leo sina zamu. Tumekaa kochi moja, kitu adimu,
na upepo umeshuka kutoka mlimani, unatikisa mwanzi.
Picha inavunjika vipandevipande,
mdomo wa mtu kushoto, sikio lake kulia.
Tayari umevaa ndala, unataka kupanda bati.

Kaa chini, baba.
Niambie wanasemaje.