Ufuo

Ilianza na kandambili za Twalib
alizoziacha usiku penye kizingiti cha chumba cha ndani;
asubuhi akazikuta zimeota manyoya meupe
kama ya kifaranga.
Nikasema ni ukungu. Akasema ni Mei tu,
Kibokoni nzima hutoka jasho mwezi wa Mei.

Kisha vigae vikaanza kusema.
Ukikanyaga cha tatu kutoka dirishani: ko.
Ukikanyaga cha nne, hakisemi, kinateremka
kidogo, kama jino la mtoto
linaloijua siku yake.

Tukanunua rangi ya mafuta. Tukanunua feni ya kusimama.
Tukatega chumvi ya mawe kwenye sahani nne,
zote zikageuka maji.
Shangazi Zena akaja na ubani kutoka Makadara,
chumba kikanukia harusi kwa saa moja
kisha kikarudi kunuka kisima.
Na ukutani chumvi nyingine, isiyonunuliwa,
ikapanda, ikachanua.
Uifagie jioni, asubuhi imerudi.

Fundi Chidzuga hakuuliza bei ya vigae.
Alivua viatu mlangoni, akatembea peku, macho kafumba,
akasimama.
"Hapa pana baridi ya peke yake."
Halafu: "Nani alimwaga saruji humu?"
Twalib akatazama boriti.
Ni yeye, mwaka aliopata kazi bandarini,
mwaka aliotaka Mama akanyage kitu kinachong'aa.

"Sakafu ya kale ni chokaa na subira," fundi akasema.
"Maji huja, hupanda, huamkia watu, huenda zake.
Wewe umeyafungia mlango yakiwa ndani.
Yalale wapi?"

Tumelelewa na ule usemi wa kuziba ufa.
Hakuna aliyetwambia
zipo nyufa ambazo nyumba huzitumia kupumua.

Chini ya kigae cha tisa mchanga ulibadilika.
Ulikuwa mweusi, mlegevu,
umelala kwa mstari, urefu wa mtu.
Fundi aliuweka mtaimbo chini polepole
kama aliyeingia chumba chenye mgonjwa.
"Huu ni ufuo. Mlimwosha nani hapa?"

Baba, nikasema.
Halafu nikakumbuka: na kabla yake Bibi,
na baina yao yule mtoto wa Shangazi Zena
aliyeishi siku saba, asiyetajwa.
Handaki lilelile, jembe lilelile la kuazima,
maji yenye karafuu maiti yakishuka gizani,
kisha mchanga ukirudishwa mbio mbio
na wanaume wenye macho mekundu
wanaotaka kuwahi maziarani kabla ya alasiri.
Nani hushindilia mchanga siku kama ile?

Twalib akachutama. Akachota ule weusi,
akauleta puani.
Miaka kumi na minane, nikamwambia,
hapawezi kuwa na harufu.
Hakunijibu.
Nami nikainama, nikijifanya naokota kipande cha kigae.
Palinuka udongo.
Palinuka udongo tu.

Mama ndiye ambaye hakushangaa.
Alikuwa juu ngazini, ameshika kikombe chake.
"Kwani mlidhani kitanda changu
nilikisogeza kwa ajili ya feni?"

Siku arubaini tumeacha madirisha wazi.
Fundi amechanganya chokaa kwa mkono,
ameponda, amelowesha, ameponda tena,
na jioni ya mwisho akaipapasa sakafu
kama mtu anayepima homa.

Vigae vimerudi, ila si pale.
Pale tumepaacha chokaa tupu, mkanda mmoja
unaokwenda mpaka ukutani,
unaotiwa giza na mvua na kupauka na jua.
Wageni huuliza kama pesa ziliisha.
Twalib hujibu, ndiyo, ziliisha.