Namba Arobaini na Mbili

Kabla ya vita, mguu wa mwanamke ulikuwa siri:
vifungo kumi na sita, toka unyayoni hadi muundini,
na kulabu ndogo ya chuma ya kuvivutia.
Juu yake sketi, ikifagia mawe ya Pirmasens.
Nilishona buti hizo tangu nina miaka kumi na minne,
cherehani ya tatu kutoka dirishani,
wala sikuwahi kuiona hata moja ikitembea.

Kisha ngozi ikaitwa jeshini.
Ilitangulia, kaka yangu Alwin akafuata,
nyeusi, nzito, misumari thelathini kila soli.
Tuliobaki tukavaa mbao.
Mji mzima ukawa ko, ko, ko,
hata kanisani, hata mazikoni.

Mwaka wa tatu mtu akaiba mkanda wa mashine usiku.
Meneja alifoka hadi miwani ikamdondoka.
Sisi tuliinamisha vichwa, tukatazama sakafu.
Nilimjua mwizi. Sote tulimjua:
watoto wa Walburga peke yao
walipita mtaani kimya.

Kitambaa nacho kikaadimika. Sketi zikapanda,
kidogo, kidogo, mfano wa mto unaokauka
ukaacha mawe yake wazi.
Mama alisema ni aibu.
Alisema hivyo mkasi ukiwa mkononi,
akikata upindo wa sketi yake mwenyewe.

Alwin alirudi na mguu wa kushoto.
Kiatu ni pacha; mmoja akifa, mwenziwe hana kazi.
Nilimshonea cha kushoto, cha kulia nikakifungia kabatini,
kila mwaka kimoja, vipya, vikinuka gundi,
mpaka tulipompata Bwana Degenhart,
karani wa posta kule Zweibrücken,
aliyebakiwa na wa kulia.
Arobaini na mbili. Sawasawa.

Basi jozi moja, wanaume wawili,
na ugomvi.
Degenhart alitaka kiatu kifupi, cha kahawia,
kama wavaavyo vijana wa mjini siku hizi.
Alwin alitaka buti ya baba.
*Mtu mzima haonyeshi soksi,* aliandika.
*Vita vimekula mguu,* akajibiwa, *visile na macho.*
Barua zilikwenda na kurudi
msimu mzima wa theluji.

Jumamosi moja nilikuwa nikienda dansini.
Nikainama kuvaa vyangu: kisigino kirefu,
mkanda mmoja, kifungo kimoja.
Alwin alinitazama kutoka kitini.
"Vile kumi na tano viko wapi?"
"Vimekuwa usingizi," nikamwambia.
"Kila asubuhi navilala."

Hakucheka. Lakini Jumatatu
nilipeleka posta kadi yake kwa Degenhart,
nami, Mungu anisamehe, niliisoma njiani.
Neno moja: *Kahawia.*
Na chini yake, kwa wino uliokolea zaidi:
*Kamba ziwe nyeusi.*