Neno la Kwenye Kadi

Kwenye kadi niliandika: Nsimire amehitimu.
Mama akaigeuza, akaisoma tena kwa kidole
chenye magamba ya sambaza.
"Hii neno njo nini? Si useme tu umemaliza?"

Nimemaliza, ndiyo.
Nimemaliza mbuzi wawili wa Walungu
na mabati tuliyoweka kwa ajili ya jiko.
Nimemaliza miaka saba ya kozi za miaka mitano:
mgomo, halafu risasi, halafu mgomo,
na profesa aliyekwama Kinshasa na alama zetu mfukoni.

Amuri fundi, pini mdomoni,
akilipunguza joho la kukodi, akasema:
"Kwetu Kasongo mtoto huhitimu akifunga msahafu.
Na hitima tunamsomea marehemu."
Akavuta uzi, akaukata kwa meno.
Hakueleza zaidi. Alikuwa na majoho tisa yanamngoja.

Jana jina langu likasomwa, la mwisho kabisa,
likiwa limekosewa herufi.
Shangazi Cito akanimwagia poda kichwani
hadi nikawa mweupe kama maiti,
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Mama alipiga vigelegele, kisha akashika kiuno,
kama anayetua mzigo asijue pa kuuweka.

Leo, alfajiri, foleni ya maji Kadutu.
Poda bado imo masikioni.
Mtu nyuma yangu:
"Lisansiye, unasukuma dumu ama umehitimu hapo?"

Nasukuma.