Kijiti

Kwa nyanya yangu M'Cirhuza, mlimani juu ya Bukavu,
nyumba kumi na nne, migomba, na matope mekundu
yanayokuvua kiatu kabla hujabisha hodi,
kijiti kilining'inia kwenye msumari
miaka sitini, kimekula moshi hadi kung'aa.

Shuleni alivikwa shingoni aliyeteleza
akasema “amishi” badala ya maji.
Jioni, aliyebaki nacho alichapwa.
Nyanya alikivaa siku nyingi kuliko wote.
Hata leo, akiomba maji, husita kwanza.

Padri Guilhem alikuja kwa habari za ubatizo.
Akakiona. Kibuyu cha kasiksi kikagandia mkononi.
Kwetu Ufaransa ya kusini, akasema, kijiji kama hiki,
mbuzi wengi kuliko watu,
babu yangu alivikwa kiatu cha mti shingoni
kwa kusema “aiga”.
Akalirudia: aiga. Kama mtu anayejaribu
ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuuzwa.

“Amishi,” nyanya akamjibu.
Wakaendelea hivyo: moto, chumvi, ng'ombe,
mpaka padri akaishiwa.
Alikuwa na maneno tisa tu.
Mama yake hakutaka kumpa zaidi.

Alipoaga, nyanya alikishusha kijiti
akamvika. “Umenaswa,” akasema,
akacheka kwa mapengo yake yote.

Akateremka nacho hadi mjini, mvua ikinyesha.
Watu wa Kadutu walidhani ni msalaba
uliovunjika mikono.